Bodo na Utalii wa Nyumba Nzuri: Mgeni Analipia Nini, Mwenyeji Anabaki na Nini

Mtalii anayekwenda kisiwa cha Funzi huiacha barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga kusini mwa mji wa Msambweni, akakata kuelekea baharini, na safari yake ya gari huishia Bodo. Hapo hupanda boti na kuondoka. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo nafasi ambayo Bodo imekuwa nayo katika utalii wa Kaunti ya Kwale: mahali pa kupandia chombo. Vijitabu vya watalii hutaja Diani, Wasini, Chale na Funzi yenyewe. Bodo hutajwa, ikitajwa, kama njia.

Iko aina ya utalii ambayo hutafuta hasa vijiji vya namna hii. Wenye biashara huuita utalii wa kifahari wa usanifu. Mgeni wake ni mtu mwenye pesa aliyechoshwa na hoteli za vyumba mia mbili, muziki kando ya kidimbwi cha kuogelea na meza ndefu za chakula cha kujipakulia. Anatafuta nyumba ya vyumba vitano au sita, iliyojengwa kwa mikono na kwa vifaa vya mahali, katika kijiji ambacho hakijajaa watu kama yeye. Kwa usiku mmoja hulipa zaidi ya mgeni wa hoteli kubwa. Anacholipia ni ukuta wa mawe uliopakwa chokaa, paa la makuti lililoezekwa vizuri, kitanda cha mbao za kuchongwa, upepo unaopita ndani bila mashine, na kimya.

Makala haya yanaeleza jinsi utalii huo unavyofanya kazi, na mambo ambayo mkazi wa Bodo, Shirazi, Funzi au kijiji kingine cha pwani ya kusini anafaa kuyajua kabla dalali hajabisha hodi.

Mifano iliyo karibu

Kwale haianzi na karatasi tupu. Msambweni kuna nyumba ya wageni iliyojengwa juu ya mwamba unaotazama bahari, kwa mtindo wa majumba ya Lamu na kwa vyumba vichache tu. Kinondo kuna Kinondo Kwetu, inayoendeshwa na familia yenye asili ya Uswidi. Diani kuna majumba ya Alfajiri, yanayojulikana nje ya nchi kwa ujenzi wake wa mawe, mbao na makuti. Funzi nako, Funzi Keys ilijijengea jina kwa vibanda vichache vya kifahari kando ya mikoko, na wageni wake walivuka kwa boti. Nyumba hizi zote zimesimama juu ya wazo moja: wageni wachache na nyumba inayofanana na mahali ilipo.

Nje ya Kwale, mfano unaotajwa zaidi ni Shela, kijiji kilicho umbali wa mwendo wa miguu kutoka mji wa Lamu. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa hapo mwaka 1967, wakati Shela ilikuwa kijiji cha wavuvi chenye nyumba nyingi za mawe zilizokuwa magofu. Wageni waliolala Peponi walirudi, baadhi yao wakanunua magofu hayo, mafundi wa Lamu wakayainua upya kwa mawe, chokaa na boriti. Leo picha za nyumba za Shela huonekana katika majarida ya usanifu ya Ulaya na Marekani. Ufundi uliokuwa unakaribia kufa ulipata wateja. Ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya nyumba za ufuoni ziko mikononi mwa watu wasioishi hapo, na kijana wa Shela anayetaka kiwanja cha kujenga katika kijiji cha babu yake hushindana na mnunuzi anayehesabu kwa Yuro.

Mfano wa mbali zaidi unatoka Denmark, nchi isiyo na mnazi hata mmoja. Tønder ni mji mdogo kusini mwa nchi hiyo, karibu na mpaka wa Ujerumani, na watalii wengi hawakuwa na sababu ya kusimama hapo. Mwaka 1914 alizaliwa hapo Hans Wegner, mtoto wa mshona viatu, aliyekuja kuwa mmoja wa mafundi wakubwa wa viti wa karne iliyopita. Mji huo uliuchukua mnara wake wa zamani wa maji, ukaujaza viti vya Wegner, na watu husafiri kwenda kuvitazama. Inafaa kukumbuka kwamba pwani ya Waswahili ilikuwa na kiti chake cha enzi, cha mbao nyeusi zilizonakshiwa na mgongo wa uzi uliosukwa, kikikaliwa na wageni wa heshima kabla Wegner hajazaliwa. Tønder ilijua inacho nini, ikakiweka mahali mgeni anapoweza kukiona.

Nyumba yenyewe

Ili kuelewa mgeni huyu analipia nini, ni vizuri kuitazama nyumba ya pwani kwa macho ya mtu asiyeizoea.

Kwanza ni paa. Mnazi mmoja hutoa kuti ambalo, likisukwa nusu, ni kuti la kumba, la kuzungushia ua. Majani yake yakikunjwa juu ya kijiti na kushonwa moja baada ya jingine, linakuwa kuti la viungo, ambalo ndilo la kuezekea. Kazi hii kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wanawake, ambao hushona wakiwa nyumbani na kuuza kwa hesabu ya makuti mia. Paa la makuti lazima liwe na mteremko mkali, la sivyo mvua ya masika itakaa juu yake na kulioza. Makuti yakibanwa karibu karibu, paa huwa zito, hudumu zaidi na chini yake huwa na baridi. Yakitawanywa ili kuokoa pesa, hayamalizi misimu mingi. Mwenye hoteli ya kifahari hataki paa la kutawanywa. Anataka makuti mengi zaidi kwa kila mita, ya urefu mmoja, makavu, yaliyoshonwa bila mapengo, na atayataka tena baada ya miaka michache kwa sababu makuti hayadumu milele. Kwa mshonaji wa Bodo hiyo ni kazi inayorudi, tofauti na bati, ambalo huuzwa mara moja na faida yake huenda kiwandani.

Pili ni miti. Boriti za mkoko ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe kutoka Lamu hadi Kilwa. Boriti haiendi mbali sana kabla ya kuanza kupinda, na kwa hiyo vyumba vya majumba ya kale vina upana wa takriban mita mbili na nusu hadi tatu, lakini ni virefu. Msanifu wa leo anayechora chumba chembamba na kirefu huko Msambweni anafuata kipimo kilichowekwa na mti. Mkandaa hutoa fito, mlilana hutoa mataruma ya vyombo vya bahari, mkomafi hutoa mbao za samani. Miti hii yote iko katika ghuba ya Funzi na mdomo wa Mto Ramisi, na kuhusu ukataji wake kuna maelezo hapa chini.

Tatu ni ukuta. Mawe ya matimbo ya Kwale ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba. Yana vitundu vidogo vinavyoshika hewa, kwa hiyo hayapitishi joto upesi. Yakipakwa chokaa badala ya saruji, ukuta hupumua, na unyevu wa bahari hutoka badala ya kufungiwa ndani na kubambua rangi. Wajenzi wa zamani walijua hilo bila kulisoma popote. Ndani ya ukuta walikata madaka ya kuwekea taa, vitabu na vyombo. Nje waliweka baraza, ambayo mgeni huiona kama pambo, ingawa mwenyeji anajua ni sebule ya wanaume, ofisi ya kijiji na kitanda cha mchana.

Na nyumba ya kukandika, ya fito na udongo, haifai kudharauliwa. Wasanifu wengi wa sasa wanaitazama upya kwa sababu udongo hukaa baridi mchana kutwa, na ukuta unaweza kurekebishwa na mwenye nyumba mwenyewe kwa ndoo moja ya udongo.

Mwisho ni upepo. Pwani hii ina pepo mbili kuu: kaskazi, inayovuma kuanzia karibu na Desemba hadi Machi, na kusi, inayoshika katikati ya mwaka. Nyumba iliyowekwa vizuri huipokea pepo upande mmoja na kuitoa upande mwingine. Nyumba iliyowekwa vibaya huhitaji mashine ya kupoza hewa mwaka mzima, na mgeni wa aina hii huiona kasoro hiyo siku ya kwanza.

Yapo na mambo madogo yanayojaza chumba: mikeka na vikapu vya miyaa, ambavyo wanawake wa Kidigo na Kiduruma huanza kwa kuchana majani, kuyatia rangi, kusuka ukili na kisha kuushona, mitungi, leso, mlango wa kuchonga. Hoteli nyingi hununua vitu hivi Nairobi au huviagiza kutoka Bali, ilhali anayeweza kuvitengeneza yuko kilomita mbili kutoka langoni. Sababu yake ya kawaida ni moja: mnunuzi anataka vikapu arobaini vya kipimo kimoja kwa tarehe moja, na msusi mmoja peke yake hawezi kuahidi hivyo. Kikundi kinaweza.

Pesa zinaingilia wapi

Hoteli kubwa huajiri watu wengi kwa jumla. Nyumba ndogo ya kifahari kwa kawaida huajiri watu wengi zaidi kwa kila mgeni: mpishi, wahudumu, mtunza bustani, nahodha, fundi wa makuti, mlinzi, mfuaji. Kwa kijiji cha ukubwa wa Bodo, nyumba mbili au tatu za aina hiyo zinaweza kubadilisha hali. Lakini kazi za ndani ni sehemu tu ya pesa. Sehemu nyingine hupita kwa mvuvi anayeuza pweza na changu, kwa mwenye boti anayewapeleka wageni kwenye mikoko na kwenye fungu la mchanga maji yakitoka, na kwa mpishi anayejua samaki wa kupaka, wali wa nazi na mboga ya mchunga. Mgeni aliyelipa pesa nyingi kuona Bodo hataki kupewa viazi vya kukaanga.

Msimu nao una ukweli wake. Masika ikiingia, kati ya Aprili na Juni, nyumba nyingi za wageni pwani hufunga au hubaki na wageni wachache. Utalii pia huvunjika ghafla. Baada ya ghasia za Likoni mwaka 1997 hoteli za pwani ya kusini zilibaki tupu, na mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulizifunga tena. Mvuvi anayeuza chombo chake ili awe mhudumu, au mkulima anayekata minazi ili ajenge kibanda cha wageni, anaweka mayai yote katika kapu moja.

Eneo hili linajua vizuri maana ya kutegemea mwajiri mmoja. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, familia zilizokuwa zikiishi kwa miwa zilibaki na mashamba ambayo mazao yake hayakuwa na mnunuzi. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini kutoka Kwale mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa 2024. Vijana waliojifunza kazi huko sasa wanatafuta pa kuitumia, na baadhi ya kazi hizo, kama umeme, mabomba, uchomeleaji na usimamizi wa ghala, ndizo zinazohitajika katika nyumba ya wageni yenye sola na tangi za maji. Tofauti ya utalii wa usanifu ni kwamba mali yake haichimbwi ikaisha. Inaweza kuuzwa ikaisha, hata hivyo, na hapo ndipo penye uzito.

Ardhi

Katika kijiji kilichosahaulika, ardhi ni rahisi. Ni sehemu ya mvuto wake kwa mwekezaji. Kiwanja cha ufuoni kikiuzwa leo kwa bei inayoonekana kubwa, mwenye kuuza hulipwa mara moja. Nyumba ikishasimama juu yake, kiwanja hicho huingiza pesa kila usiku kwa miaka mingi. Si kosa kuuza mali yako. Ila anayeuza anafaa kujua kwamba kuuza si njia pekee.

Njia ya pili ni kukodisha. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inasema mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya isipokuwa kwa kukodi, na muda wake hauwezi kuzidi miaka 99. Kampuni huhesabiwa kuwa ya raia ikiwa tu inamilikiwa kikamilifu na raia. Kwa hiyo mwekezaji wa kigeni, kwa vyovyote vile, atakuwa mpangaji, na linalobaki ni nani atakuwa mwenye ardhi na kwa masharti gani. Mkataba unaweza kuwa wa miaka 25 au 30 badala ya 99. Unaweza kusema kodi itapanda kila baada ya miaka mitano, na kwamba muda ukiisha majengo yanabaki kwa mwenye shamba. Njia ya tatu ni ubia, ambapo ardhi huhesabiwa kuwa hisa. Njia zote tatu zinahitaji wakili anayelipwa na mwenye ardhi mwenyewe. Wakili aliyeletwa na mnunuzi anamfanyia kazi mnunuzi.

Yako mambo yanayokwamisha mauzo mengi, na mengine yamevunja familia. La kwanza ni hati iliyo bado kwa jina la marehemu. Shamba la babu haliwezi kuuzwa na mjukuu mmoja kabla mirathi haijaamuliwa, na kwa Waislamu wanaokubali, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya kusikiliza mirathi. La pili ni mwenzi: mali ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mume na mke, kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. La tatu ni minazi. Kwa desturi ya pwani, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na mnunuzi asiyelijua hilo atashtuka kumkuta mzee wa jirani akiangua nazi ndani ya ua wake. Lielezwe mapema, liandikwe. La nne ni kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi kwa shamba la kilimo; bila kibali hicho mauziano ni batili, hata kama pesa zimeshabadilisha mikono.

Makubaliano ya ardhi lazima yawe ya maandishi, yatiwe saini na yashuhudiwe. Kabla ya hapo, upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi utaonyesha mwenye ardhi ni nani na kama kuna mkopo au zuio juu yake. Gharama ya upekuzi ni ndogo mno ikilinganishwa na kesi.

Ufuo, mikoko na maji

Kifungu cha 62 cha Katiba kinaweka ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hakuna nyumba ya wageni, hata iwe ya kifahari namna gani, inayomiliki eneo hilo. Mvuvi anaruhusiwa kupita, kuvuta chombo na kutandaza nyavu. Ugumu huanzia nyuma yake, kwenye njia za miguu zinazotoka kijijini. Njia iliyotumika miaka hamsini inaweza kufungwa kwa ua wa siku moja ikiwa haionekani kwenye ramani yoyote. Wakati mzuri wa kuisema ni kabla ujenzi haujaidhinishwa, kupitia kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU), wazee wa kijiji na afisi ya wadi.

Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Kukata boriti, hata moja, bila kibali cha Huduma ya Misitu (KFS) ni kosa, na agizo la hoteli halimpi mkataji ruhusa. Msanifu mwenye busara hutumia boriti za kibali pale zinapoonekana na mbao za kupandwa, kama mvinje, kwingineko. Ghuba yenye mikoko mizima ina thamani yake bila shoka. Gazi, kaskazini mwa Msambweni, mradi wa Mikoko Pamoja unahifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni. Mapato yamekwenda kwenye maji na shule, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wanawake wa Gazi nao huwapitisha wageni juu ya daraja la mbao ndani ya mikoko na kuwapikia. Kinondo, wageni huingia Kaya Kinondo wakiwa wamejifunga kaniki na hawaruhusiwi kutoka na hata jani. Kaya hiyo ni miongoni mwa misitu ya kaya iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008. Katika sehemu zote mbili mwenyeji ndiye aliyeweka masharti, na mgeni akayafuata kwa furaha.

Maji ndiyo hayaonekani hadi yaharibike. Kisima cha karibu na bahari hushika maji baridi yanayoelea juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kwa pampu kwa kasi, chumvi hupanda, na kisima cha jirani huharibika pamoja. Kidimbwi cha kuogelea na bustani ya nyasi vinaweza kunywa maji kuliko kijiji kizima. Dawa yake inajulikana. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kimepokea wageni tangu mwaka 1998 katika vibanda saba vya makuti. Kila kibanda huvuna maji yake ya mvua na kuyahifadhi chini ya sakafu, na vyoo vyake havitumii maji. Wageni huko hulipa vizuri, na walinzi wa kwanza wa matumbawe walitoka miongoni mwa wavuvi. Mwekezaji atakayesema jambo hilo haliwezekani Bodo anafaa kuombwa aeleze kwa nini.

Moto nao usisahaulike. Paa la makuti likishika, huenda kwa dakika. Nafasi kati ya jengo na jengo, tangi la maji lenye pampu na jiko lililotengwa na vyumba viwe kwenye ramani tangu mwanzo.

Vibali na mahali pa kuuliza

Nyumba ya wageni haianzi kwa kuchimba msingi. Chini ya Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ujenzi na mabadiliko ya matumizi ya ardhi huhitaji idhini ya kaunti. Mamlaka ya Mazingira (NEMA) hutathmini athari za mradi kabla ya kutoa leseni, na maoni ya wakazi ni sehemu ya tathmini hiyo. Kikao kikitangazwa kwenye baraza la chifu au msikitini, kuhudhuria kunasaidia kuliko kulalamika ukuta ukishainuka. Baada ya ujenzi, Mamlaka ya Kudhibiti Utalii hutoa leseni kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na kaunti hutoa kibali cha biashara. Anayekusudia kulaza wageni wawili katika chumba cha nyumbani kwake naye aulize leseni inayomhusu. Biashara kuwa ndogo hakuiondoi kwenye sheria.

Kuhusu heshima, mavazi, picha na pombe, kijiji kinaweza kukubaliana na mwenye nyumba ya wageni na maneno yakaandikwa ukurasa mmoja unaowekwa chumbani. Wageni wengi wa aina hii husoma, na hupenda kuambiwa kuliko kukisia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, lakini hawakusema mgeni asielekezwe choo kiko wapi.

Kwa anayetaka kuanza bila kuuza chochote, hatua za kwanza ni za kawaida kabisa. Washonaji wa makuti, wasusi wa mikeka, wenye boti na wavuvi wanaweza kusajiliwa kama vikundi, kisha kama chama cha ushirika, kwa kuwa vyama vya ushirika ni kazi iliyogatuliwa kwa kaunti. Vijana wanaotaka ufundi wa mawe, mbao au mabomba wanaweza kuuliza katika vyuo vya ufundi vya kaunti. Mwenye shamba afike na nambari ya kiwanja chake na kitambulisho kwa ajili ya upekuzi. Na kikundi cha makuti kianze daftari: nani anashona, anamaliza mangapi kwa wiki, kijiti kina urefu gani, na mzigo unahifadhiwa wapi usilowe. Msimamizi wa ujenzi atakapofika Bodo atauliza kama anaweza kupata makuti elfu kadhaa ya kipimo kimoja kabla ya masika, naye atampa kazi mtu wa kwanza atakayemjibu kwa tarakimu.